Ukurasa wa Kumi na Nne

Wataalamu kumi na mmoja walishalikwepa andiko lile la fizikia ya kihisabati. Jarida letu lilibakiwa na mzee mmoja tu wa kulihakiki. Alikubali, kisha akawa kimya mwezi mzima. Nikampigia simu.

Akapokea binti yake. "Baba tulimzika Jumanne, kaka mhariri. Ila ripoti yako aliianza. Nikusomee?"

"Nisomee."

"'Hesabu zote ni sahihi, isipokuwa ukurasa wa kumi na nne, ambapo...' Basi. Kalamu imeteleza mpaka ukingoni."

Nikaufungua ukurasa huo. Mistari thelathini ya alama tupu.

"Geuza karatasi. Nyuma hakuna kitu?"

"Kaka, hata pole hujanipa."

Kidole changu kilikuwa kimefika mstari wa tisa.