Alama Kumi na Nane

Hodi ya tatu ilipopigwa, Violeth alisogeza meza ya chakula hadi mlangoni, taratibu, isikwaruze sakafu. Ilikuwa saa tatu asubuhi, jua limeshakuwa kali, na madirisha yote ya nyumba ya mwalimu yalikuwa yamefungwa.

"Usijibu," mumewe, Method, alinong'ona. "Ukijibu tu, tumekwisha. Na mtoto pia."

Alikuwa amempakata Precious, binti yao wa miaka minne, kiganja chake kimeuziba mdomo wa mtoto.

Violeth alikaa sakafuni. Mkononi alishika karatasi nne zilizoliwa na mende pembeni, insha yake ya kidato cha sita, aliyoikuta sandukuni juzi akitafuta vyeti. Ujana ni moshi, ukienda haurudi, ila wino wa Violeth ulikuwa umebaki pale pale, mweusi, bila haya.

Insha ilihusu tamthiliya ya zamani ambayo kila mwanafunzi wa wakati ule aliisoma. Mjane anasingiziwa kuzuia mvua. Kijiji hakimpigi wala hakimfukuzi. Kinamtenga tu: asisalimiwe, asipewe moto, asichote kisimani, na atakayemjibu atengwe naye. Darasa zima lilielewa bila kufundishwa, maana huku Maswa nani hajawahi kumwona mtu aliyetengwa? Swali la mwalimu lilikuwa moja: je, wanakijiji walitenda haki?

Nje, nyayo zilianza kuizunguka nyumba. Zilisimama chini ya dirisha la chumbani, zikaendelea mpaka uani. Mtu alijaribu mlango wa nyuma, ukagoma. Method alifumba macho.

Walitenda haki, Violeth alijibu, kwa kurasa nne nzima. "Hakuna aliyenyanyua fimbo," aliandika kwa mwandiko wa mtu asiyejua shaka. "Walinyamaza tu, na ukimya hauui mtu." Alipata alama kumi na nane kwa ishirini, akaambiwa aisome mbele ya darasa. Kijana mmoja wa dawati la nyuma, Bundala, alipiga makofi kuliko wote.

Sasa Bundala ndiye kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji, hapa kijijini Sola. Jumapili iliyopita, baada ya ng'ombe saba kufa ndani ya wiki moja, alisimama mkutanoni, akamtaja aliyewaroga, na kuirudia insha ile karibu neno kwa neno.

"Sisi si wauaji," alisema. "Mwalimu wetu Violeth alishatufundisha njia."

Kijiji kizima kiligeuka kumtazama Violeth. Yeye alitazama miguu yake.

Tangu siku hiyo hakuwa amelala vizuri. Aliona aibu, aliogopa, na kuogopa kwenyewe kulimzidishia aibu. Alitamani azichane karatasi zile, lakini hata mlio wa karatasi kuchanika aliuogopa, usije ukasikika nje.

Nyayo zilirudi mbele.

"Mwangaluka," sauti ilisema.

Ni salamu ya kila asubuhi, mtu huiitikia hata akiwa na usingizi. Violeth aliuma mdomo isimtoke. Kitu cha plastiki, kitupu, kilitua barazani.

Precious alijitikisa mikononi mwa baba yake, akitaka kusema neno. Method alimbana zaidi, na machozi yakawatoka wote wawili. Violeth alinyanyuka, akaishika meza kwa mikono miwili. Akaiachia.

Kisha mtu aliegemea mlango, na mbao zikalia kidogo.

"Violeth mwanangu," mama yake alisema, "dumu langu limekauka tangu juzi. Nyumba zingine zote nimezipita, sikubisha hodi. Nikasema nije kwako, wewe uliyesoma."