Kibali cha Julienne

Julienne alitoka kwa mlango wa jikoni saa tatu asubuhi, viatu mkononi, akapita nyuma ya nguo zilizoanikwa. Getini, Obwona mlinzi alikuwa ameinamia chai yake na hakuinua kichwa. Lakini Julienne alipofika barabarani na kugeuka, alimwona ana simu sikioni. Akasimamisha bodaboda ya kwanza iliyopita.

Ondiek, mumewe, alikuwa amemwonya tangu walipohamia Kampala. "Kibali cha kazi ni changu, si chako. Bibi ya mgeni akipatikana huko nje bila karatasi, anarudishwa kwao. Wewe tulia, nitakushughulikia." Pasipoti yake na cheti chake cha ukunga akavichukua, eti avipeleke ofisi ya vibali. Miezi minane sasa. Kila akiuliza, jibu ni lile lile: bado.

Mkunga gani wa kushinda nyumbani akikunja mashuka! Kule Bukavu alikuwa amepokea watoto hata hesabu ikampotea. Hapa mikono ilimwasha kwa kukosa kazi. Sasa zahanati moja ya wazazi, upande wa Naguru, ilikuwa imemwahidi nafasi kwa simu, mradi alete kibali kabla ya saa nane mchana wa leo. Asipofika, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Aliyemliwaza miezi yote hiyo ni Akech, dada yake Ondiek, aliyekuja kutoka Kisumu akapewa chumba cha nyuma. Jioni, akirudi kutoka duka la dawa alikosema anauza, kule Nakivubo, bado ananukia dawa ya kuoshea vidonda, Akech alikaa jikoni na kumchimba maswali. "Wifi, hebu nifunze Kifaransa kidogo. Hiyo shule ya ukunga ulisomea wapi? Na mama yako anaitwa nani?" Julienne alimjibu yote, tena kwa furaha. Maskini, hakuwa na mwingine wa kuongea naye.

Simu ilianza kulia akiwa juu ya bodaboda. Ondiek. Ikakatika, ikalia tena. Akaizima. Hakumwambia dereva ageuze.

Kwenye ofisi ya vibali alipanga mstari saa mbili nzima, akigeuka kila mlango ulipofunguliwa. Zamu yake ilipofika, afisa mmoja, Opoka, alimkaribisha kwa upole.

"Mimi niko bibi ya Ondiek," Julienne alisema. "Kazi yangu ni mukunga. Niko naomba kujua kibali yangu imefika wapi. Leo ndiyo siku ya mwisho, papa," akamalizia kwa heshima ya kwao.

"Jina yako yote?"

Akalitaja. Akataja na tarehe ya kuzaliwa. Opoka akabonyeza kompyuta yake, akatabasamu.

"Lakini madamu, hii kibali ilishatoka. Mwezi ya tano. Si mulikuja hapa wawili, wewe na bwana yako, ukaweka kidole?"

"Hapana, papa. Mimi sijafika hapa hata siku moja."

Afisa akamtazama, akatazama kioo cha kompyuta, akamtazama tena. Tabasamu lilikuwa limemtoka. Akaigeuza kompyuta polepole ili naye aone.

Jina lilikuwa lake. Shule ilikuwa yake, na mama alikuwa mama yake. Picha ilikuwa ya Akech.

Opoka alikuwa tayari anapiga namba iliyoandikwa kwenye faili, simu ameilaza mezani ili wote wasikie. Ililia mara moja tu.

"Bwana Ondiek, hapa ni ofisi ya vibali. Bibi yako iko wapi saa hii?"

"Bibi yangu yuko kazini, wodi ya wazazi, tangu asubuhi, afande," Ondiek alijibu, ametulia kabisa. "Huyo aliye hapo mbele yako simjui. Mshikeni."