Namba Isiyofika Mlangoni

Skrini ya mlango wa daktari wa macho iling'ang'ania namba hamsini tangu asubuhi. Mzee Tambwe, aliyekuja kufunguliwa bandeji ya jicho moja, alishika karatasi ya hamsini na mbili. Muuguzi hamwingizi mtu kabla ya namba yake kutokea, na saa sita daktari anasafiri.

"Wakubwa wamelala!" alifoka.

"Si kulala, babu," alisema Salme, fundi wa programu, kompyuta mapajani. "Programu ina sehemu moja ndani ya nyingine. Namba inatoka mapokezi, inakabidhiwa sehemu ya jengo, kisha ya ghorofa, ndipo ifike mlangoni. Ya katikati imesahau kukabidhi."

"Kama ofisi zao tu!"

"Sasa namba naiweka juu kabisa. Kila mlango utaichukua wenyewe."

"Yaani umewaruka wote wa katikati?"

"Wote, babu."

"Binti, ungekuwa waziri!"

Alicheka mpaka akakohoa. Skrini ikapepesa, hamsini na moja, bibi mmoja akapiga kigelegele akaingia. Alipotoka, ikapepesa tena, hamsini na mbili.

"Babu, subiri daktari akufungue!" muuguzi alipiga kelele.

Mzee alikuwa keshafika mlangoni, kidole chini ya bandeji, mwanga mwembamba ukipenya.