Wembe wa Bwana Harusi

Nyumba ilijaa mashangazi na vigelegele, lakini wembe ulipogusa koo la Shekombo, wote walinyamaza. Mji mzima ulijua kwamba kinyozi, Badi, ni kaka wa marehemu mkewe, na kwamba tangu Shekombo apeleke posa kwingine, Badi hajamwita tena shemeji.

"Bwana harusi, inua kidevu," Badi alisema, sauti kavu.

Shekombo akainua, akafumba macho. Povu lilikuwa la vuguvugu na lilinukia karafuu, sabuni ile ile aliyoipenda marehemu. Akajihisi anaelea juu ya wingu, na wembe unapita taratibu kama mtu anayefagia ua alfajiri.

"We Badi, mwachie masharubu! Bibi harusi atashika wapi?" shangazi mmoja akaropoka.

Nyumba ikaangua kicheko. Shekombo akabana midomo, mabega yakimtetemeka.

Wembe ukasimama hewani.

"Shemeji," Badi akanong'ona, "usicheke, nitakukata."

Shekombo akafumbua macho. Kwenye ncha ya wembe kilining'inia kipovu kimoja, kinang'aa rangi zote, bado hakijapasuka.