Rufaa ya Mnana

Enzi wanyama walipokuwa na sheria zao, hakuna aliyejenga kitu kipya bila idhini ya Korongo, mkaguzi. Mnana akampelekea kiota alichokibuni, chenye mlango chini, ili nyoka asiwafikie makinda.

Korongo alikitupia jicho kwa mbali. “Hakuna jipya hapa. Nenda nyumbani.”

Mnana hakwenda nyumbani. Alikata rufaa kwa Tembo.

“Mlango wa kiota hiki uko wapi?” Tembo alimuuliza Korongo mbele ya ndege wote.

“Juu, mheshimiwa, kama wa viota vyote.”

Tembo akakiinua kiota kwa mkonga, kila mmoja akauona mlango chini.

Korongo akajitetea. “Mheshimiwa, miaka yote hii uamuzi wangu haujapata kutenguliwa.”

“Kuna aliyewahi kuukatia rufaa?”

Korongo akainamisha shingo. “Huyu ndiye wa kwanza.”

Tembo akampa Mnana haki yake. Ndege wakashangilia, isipokuwa Ninga aliyekuwa amekaa nyuma peke yake.

“Mimi nilileta kiota cha miiba,” alisema taratibu. “Nikaambiwa niende nyumbani, nikaenda. Nyoka alitukuta huko, mimi na wanangu. Nimebaki mimi.”