Dakika Nne za Upande wa Pili

Mara ya tatu mlango ulipofunguliwa, dobi hakupiga hodi tena; alitia mguu.

"Dada, nimeshakwambia lebo ya muziki imefungwa," mwenye nyumba alisema. "Barua si uliipata?"

"Niliipata. Ndiyo iliyonileta."

Barua yenyewe ilikuwa mstari mmoja: hakuna albamu nyingine, asanteni. Ilitumwa kwa watu kumi na mmoja, maana hao ndio wasikilizaji wote ambao lebo ile ilikuwa nao chini ya jua. Muziki wake ulikuwa wa mashine tupu, mingurumo na mapigo yasiyochezeka, na kila albamu ilinakiliwa kwa mkono, kaseti moja moja, katika chumba cha nyuma cha nyumba hii. Majirani wa dobi walidhani redio yake mbovu. Kipenda roho hula nyama mbichi.

Alifanikiwa kuingia kwa sababu yule mwanamume alichoka kumsukuma. Ndevu zake zilikuwa za wiki nyingi, na shati alikuwa amelifunga vifungo mshazari.

"Kaka, mimi nafua mashuka ya hospitali," dobi alisema kabla hajakaribishwa kiti. "Mashine sita, kutwa nzima. Mume wangu alipofariki nikawa nazisikia hata usingizini, nikaona bora na mimi nimfuate. Ndipo nikapata kaseti yako ya kwanza. Nikasikia mtu kazichukua kelele zilezile, kazifanya zipendeze. Sasa wewe ukiacha, mimi nitashika nini?"

Alikuwa analia, na wala hakujali kuonekana. Mwanamume alimsogezea stuli.

"Ipi uliipenda zaidi?"

"Ya tisa."

Aliinua kichwa. "Ya tisa unayo?"

"Ninayo. Upande wa pili, zile dakika nne za mwisho. Miezi mitatu sasa, kila asubuhi lazima nizisikilize ndipo nitoke kitandani. Hakuna aliyewahi kufanya kitu kama kile, kaka. Nani angewaza?"

"Kuwaza nini? Pale mwisho ni pampu ya maji tu. Inanguruma mpaka inazima."

Dobi alicheka katikati ya machozi. Mafundi wazuri ndivyo walivyo. Ukimsifia shati alilolishona, anakuonyesha uzi uliochomoza.

"Nilidhani imepotea," mwanamume alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Niliwahi kutoa kopi hiyo moja tu. Bahasha yenye anwani yako ilikuwa hapa mezani. Dada yangu akatia kaseti, akapeleka posta, hajui kwamba sijaikagua. Ile ya asili niliifuta mwenyewe kwa uchungu, tulipotoka kuzika."

"Kumzika nani?"

"Mama." Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole. "Alikuwa chumba hiki cha pili, miguu haimbebi tena. Mimi nimekaa hapa nanakili hiyo ya tisa, spika za masikioni nimezichomeka kwenye deki inayocheza. Nazivua masikioni, naenda kumtazama, mwenzangu keshaondoka. Daktari akasema moyo ulisimama akiwa amelala. Hakuita. Kama angeita, dada, halafu mimi nipo hapa, hatua nne, nasikiliza mashine zangu... nisingeweza kuishi na hilo. Nakwambia ukweli wa Mungu. Ninachoshikilia ni hicho tu, kwamba hakuita."

Dobi aliacha kulia. Macho yake yalikuwa yamehamia mezani, kwenye deki mbili za kaseti, mikisa ya kuchanganyia sauti, na maiki iliyosimama juu ya kijiti chake ikielekea ukuta ule aliougonga. Kitaa chake chekundu kilikuwa kinawaka.

"Hiyo maiki ni ya nini?"

"Ya kunasia sauti za nyumba. Bati, feni, hiyo pampu. Inanasa hata mjusi akitembea darini. Nikianza kunakili natakiwa niizime isiingie kwenye kopi, lakini akili zangu si unaziona." Kwa mara ya kwanza alitabasamu, akanyoosha mkono. "Sikiliza, dada. Nimekuwa nikijiambia kwamba nikiipata ya tisa, nikaisikiliza yote mpaka mwisho, nitajua kama bado mimi ni fundi. Nitaanza upya. Umekuja nayo?"

Mkono wa dobi ulikuwa ndani ya mkoba, umeikamata kaseti. Alikuwa amesafiri siku nzima ili ayasikie maneno hayo.

"Sina," alisema. "Nilirekodi juu yake."

"Ulirekodi nini?"

"Mahubiri. Nilikosa kaseti tupu."

"Si umesema kila asubuhi..."

"Nilisema ili unifungulie mlango. Mtu mwenye shida husema lolote. Kusema kweli, kaka, ile albamu haikuwa na kitu. Makelele tu."

Mwanamume aliurudisha mkono wake taratibu, akaulaza mapajani. Hakumtukana, na dobi angeona afadhali kama angetukanwa.

"Toka," alisema.

Alitoka. Nyuma yake alisikia nyaya zikichomolewa moja baada ya nyingine, na lebo ile ikaishia hapo.

Kwenye mtaro wa kona ya kwanza alichuchumaa akaanza kuuvuta utepe kutoka kwenye kaseti, akiukata kwa meno huku kamasi na machozi vikimtiririka. Hakusimama mpaka alipozimaliza zile dakika nne ambamo mwanamke mzee, nyuma ya ukuta, anamwita mwanawe aje amwinue, na kila akiita anamwomba radhi kwa kumkatizia kazi.