Vidole vya Msusi

Uzi mwekundu wa rasta ulikuwa umeng'ang'ania shati la mumewe, karibu na kifungo cha pili. Msusi aliuchomoa kwa shida. Viungo vya vidole vyake vilikuwa vimevimba, havikunjiki vizuri wala havinyooki.

"Umetoka wapi, baba watoto?"

"Kwa fundi viatu."

"Fundi viatu siku hizi ananukia mafuta ya nywele?"

Mume akacheka, akaenda zake kuoga.

Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu daktari avibonyeze vidole vile kimoja kimoja. Huenda ni baridi yabisi, alisema, huenda ni jongo, au basi ni miaka ishirini ya kusuka bila kupumzika. Vipimo vingesema. Kwa sasa asiguse kichwa cha mtu, miezi mitatu. Saluni ikafungwa, wateja wakaanza kutawanyika. Na mume, dereva mstaafu ambaye zamani alikuwa kama ameota mizizi kwenye kochi, akawa hashikiki nyumbani mchana.

Msusi hakuhitaji kuambiwa. Mtaa wa pili palikuwa na saluni ya binti aliyefundishwa kazi na yeye mwenyewe, binti wa vidole vyembamba, laini, vizima. Kumbe alikuwa amefuga nyoka! Wivu ukampanda, hata chakula akakisukuma pembeni.

Jioni alimkuta mume akijikanda vidole, uso umemkunjamana.

"Na wewe vinakuuma?"

"Nakuonea huruma, mke wangu, mpaka vyangu vinauma."

Machozi ya mamba hayo, akawaza.

Kesho yake, saa tisa alasiri, akamfuata. Alipofika, binti alikuwa mlangoni pa saluni. Akashtuka.

"Shikamoo, mama. Ngoja kwanza, usiingie..."

"Nisiingie kwani mimi nani? Mke hapigi hodi alipo mumewe!"

Akampiga kikumbo, akavuta pazia. Kwenye kiti alikaa mke wa mwalimu, mteja wake mwenyewe wa miaka yote, ameinamisha kichwa. Nyuma yake alisimama mume, kitana mdomoni, jasho linamtiririka, anasuka.

"Nani huyo?" mke wa mwalimu akauliza bila kuinua kichwa. "Mwambieni apange foleni."

Msusi alisogea, akaikagua mistari ya nywele mmoja baada ya mwingine. Ilikuwa imenyooka kuliko yake, na hapo ndipo wivu wenyewe ulipomshika.